Kibushi cha Maore: Lugha ya Kiaustronesia Yenye Jina la Kiswahili

1. Utangulizi



Mtu aliyekulia Unguja hana haja ya kuelezwa kibuki ni nini. Ni ngoma ya pepo wanaosadikiwa kutoka Bukini, ambao wakishapanda kichwani hudai mavazi yao, vinywaji vyao na lugha yao. Bukini ni jina la zamani ambalo Waswahili waliliita nalo kisiwa cha Madagaska. Kamusi kongwe za Kiswahili zimelihifadhi jina hilo pamoja na jamaa zake: Mbuki, Wabuki, Kibuki. Katika Kiswahili cha leo maneno hayo yamepungua matumizi, na kwa vijana wengi kibuki ni ngoma tu.

Hata hivyo, iko jamii ya watu ambao kila siku, shambani, baharini na jikoni, husema lugha iitwayo kwa jina hilo hilo. Jamii hiyo iko katika kisiwa cha Maore, ambacho katika ramani nyingi huandikwa Mayotte, mojawapo ya visiwa vinne vya Komoro. Lugha yao ni Kibushi. Si lugha ya Kibantu. Ni tawi la Kimalagasi, na kwa hiyo ni mwanafamilia wa lugha za Kiaustronesia, ukoo mmoja na Kimalay, Kijava na lugha za visiwa vya Pasifiki.

Yawezekana msikilizaji akauliza: lugha ya Kiaustronesia yahusu nini katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili? Jibu langu ndilo kiini cha mhadhara huu. Kibushi ni ushahidi wa sehemu ya historia ya Kiswahili ambayo hatuipendi sana kuisimulia, yaani sehemu ambayo lugha yetu haikuenea bali ilirudi nyuma. Tumezoea kuieleza historia ya Kiswahili kama safari ya kupanuka: kutoka pwani kwenda bara, kutoka bara kwenda ulimwenguni. Upande wa Bukini mambo yalikwenda kinyume. Huko wazao wa watu waliosema lugha ya jamii ya Kiswahili walikuja kusema Kimalagasi. Nitajaribu kuonesha hayo kwa kulichambua jina la lugha yenyewe, asili yake, njia zake za kufika Maore, na lahaja zake mbili.

2. Jina na tabaka zake

Tuanze na jina. Katika lugha za Komoro, sauti /k/ ikifuatwa na irabu /i/ aghalabu imegeuka kuwa /sh/. Pale Mswahili asemapo *kisiwa*, Mmaore husema *shisiwa*. Ndiyo sababu Wamaore huiita lugha yao Shimaore, Wanzwani huita yao Shindzuani, na Wangazija huita yao Shingazidja. Kwa kanuni hiyo hiyo *Buki* limekuwa *Bushi*, na wasemaji wa Kimaore huita lugha ya jirani zao Shibushi. Hapa hapana la kushangaza.

La kushangaza ni kwamba wasemaji wenyewe hawasemi Shibushi. Wao husema *Kibushi*. Shina la neno limepitia mabadiliko ya Kikomoro, lakini kiambishi awali hakikupitia. Zaidi ya hayo, wanapozitaja lahaja zao hutumia kiambishi kile kile: *Kibushi Kisakalava* na *Kibushi Kiantalaotsi*. Tukumbuke kwamba Kimalagasi hakina ngeli za nomino. Katika sarufi yake hakuna kiambishi *ki-* cha kutajia lugha. Basi hiki *ki-* kimetoka wapi?

Kwa maoni yangu hakikutoka katika Kimaore cha siku hizi, kwa maana kingekuwa *shi-*. Ama kilichukuliwa kabla lugha za Komoro hazijageuza sauti hiyo, ama kilichukuliwa kutoka kwa watu ambao hawakuigeuza kabisa, yaani wasemaji wa lugha ya Waswahili katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Madagaska. Maelezo ya pili yananielekea zaidi, kwa sababu tunao ushahidi wa maandishi kwamba watu hao walikuwako.

Katika miaka ya 1610, padri Mreno wa shirika la Wajesuiti, Luís Mariano, alisafiri pwani ya magharibi ya Madagaska. Aliandika kwamba katika sehemu ya pwani hiyo watu walisema lugha ya Waafrika wa upande wa Msumbiji na Malindi, ilhali ndani ya kisiwa na kwingineko watu walisema lugha nyingine, tofauti kabisa na ile ya kwanza lakini inayofanana sana na Kimalay. Lugha hiyo ya pili aliiita *Buque*. Jina hilo bila shaka ni Buki yetu. Padri Mariano, kwa hiyo, alituachia mambo mawili kwa pamoja: kwamba lugha mbili ziliishi bega kwa bega katika pwani ile, na kwamba lugha ya wenyeji wa bara ilijulikana kwa jina ambalo Waswahili waliitumia.

Jina la lahaja ya pili linabeba tabaka nyingi zaidi. Katika *Kiantalaotsi*, *ki-* ni kiambishi cha Kibantu. *Anta-* ni kipashio cha Kimalagasi chenye maana ya “watu wa”, kama kilivyo katika majina mengi ya makabila ya Madagaska. Nalo *laotsi*, ambalo kwingineko hutamkwa *laotra*, ni ndugu wa neno la Kimalay *laut*, bahari. Neno zima, basi, ni “lugha ya watu wa bahari”, nalo limeunganishwa kwa vipande kutoka pande mbili za Bahari ya Hindi. Si rahisi kupata neno moja lenye kueleza historia kwa ufupi kuliko hili.

3. Asili ya Kiaustronesia na deni la Kibantu

Kwamba Kimalagasi kina udugu na Kimalay lilitambuliwa mapema na Wazungu. Mholanzi Frederick de Houtman alichapisha mwaka 1603 kitabu cha msamiati wa Kimalay na Kimalagasi. Hata hivyo, ilimchukua mwanaisimu wa Norwei, Otto Christian Dahl, kuonesha mwaka 1951 kwamba jamaa wa karibu kabisa wa Kimalagasi si Kimalay chenyewe bali ni Kimaanyan, lugha ya bonde la mto Barito, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Borneo. Utafiti uliofuata, hasa wa Alexander Adelaar, umeithibitisha hoja hiyo na kuonesha pia maneno mengi ambayo Kimalagasi kilikopa kutoka Kimalay na Kijava.

Udugu huo unaonekana wazi katika hesabu na katika maneno ya msingi. Mbili kwa Kimalagasi ni *roa*, kwa Kimalay *dua*. Tano ni *dimy*, kwa Kimalay *lima*. Jiwe ni *vato*, kwa Kimalay *batu*. Ndege ni *vorona*, kwa Kimalay *burung*. Mbingu ni *lanitra*, kwa Kimalay *langit*.

Mfano wa mwisho unastahili kuangaliwa mara mbili. Neno *langit* huishia kwa konsonanti, lakini Kimalagasi kimeliongezea irabu. Dahl alitoa hoja kwamba tabia hii ya kuzifungua silabi za mwisho ilitokana na wasemaji wa Kibantu waliojifunza lugha ya wageni na kuitamka kwa mazoea ya vinywa vyao. Kwa msikilizaji wa Kiswahili hoja hii haihitaji ufafanuzi mrefu. Ndivyo sisi wenyewe tulivyofanya tulipolipokea neno la Kiarabu *kitab* tukalisema kitabu. Kama Dahl yu sahihi, basi Kibantu hakikukipa Kimalagasi maneno tu, bali kilitia mkono katika umbo lenyewe la lugha hiyo.

Maneno nayo ni ushahidi. Tazama majina ya mifugo katika Kimalagasi sanifu: *omby* ni ng'ombe, *ondry* ni kondoo, *osy* ni mbuzi, *ampondra* ni punda, *akoho* ni kuku, *amboa* ni mbwa, na hata yule ndege kanga huitwa *akanga*. Wahamiaji walikuja na ufundi wao wa baharini na mpunga wao, lakini mifugo yao, au angalau majina yake, waliipata kwa watu wa Afrika.

Akiolojia nayo imeongeza jambo. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha utafiti wa mabaki ya mimea ya kale. Katika maeneo ya pwani ya bara waliyoyachunguza, mazao yaliyotawala ni ya Kiafrika, kama vile mtama na uwele. Katika Komoro na Madagaska, kinyume chake, tangu karibu karne ya 8 palionekana kwa wingi mazao ya Asia, hasa mpunga na choroko. Matokeo hayo yaashiria kwamba watu wa asili ya Kiaustronesia huenda walifika Komoro zamani sana.

Lakini tahadhari ni muhimu. Kibushi cha leo si mabaki ya wahamiaji hao wa kwanza. Muundo wake na msamiati wake unakiweka karibu na lahaja za kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na hilo laonesha kwamba kilivuka bahari katika karne za karibuni zaidi. Kama Kiaustronesia kiliwahi kusemwa Komoro katika karne ya 8, kilimezwa na Kibantu, kisha Kiaustronesia kingine kikaja baadaye. Katika visiwa hivi lugha zimepokezana zaidi ya mara moja.

4. Njia mbili za kufika Maore

Kibushi kilifika Maore pamoja na watu wa aina mbili, na ndiyo maana kina lahaja mbili.

Wa kwanza ni Waantalaotra. Hawa walikuwa Waislamu wa bandarini, wafanyabiashara na mabaharia wa ghuba za kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Miji yao ilirithi biashara ya kale: huko Mahilaka, katika ghuba ya Ampasindava, palikuwa na mji wa Kiislamu uliostawi baina ya karne ya 11 na ya 14. Biashara yao iliwaunganisha na Komoro, na pwani ya Waswahili, na Uarabuni. Ndio wazao wa ile pwani ya lugha mbili aliyoieleza Mariano. Hatua kwa hatua, kwa kuoana na wenyeji na kwa kuishi chini ya wafalme wa Kisakalava, Kimalagasi kikawa lugha ya majumbani mwao, nao wakabaki na dini yao, ubaharia wao na sehemu ya msamiati wao wa asili.

Wa pili ni Wasakalava wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya mitumbwi kutoka Madagaska, ya Wabetsimisaraka na Wasakalava, yalizishambulia Komoro na pwani ya Afrika kwa ajili ya kuteka watumwa. Mafia haijasahau: mapokeo ya kisiwa hicho yanasimulia jinsi mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, ulivyoangamizwa na Wasakalava. Kwa Waswahili wa zama hizo, Mbuki alikuwa mtu wa kuogopwa.

Baada ya muda waliokuwa wakishambulia wakawa wakimbizi. Ufalme wa Merina uliteka Mahajanga mwaka 1824, na mnamo mwaka 1832 Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava wa Boina aliyekuwa amesilimu, alikimbilia Maore pamoja na wafuasi wake. Huko alijipatia utawala wa kisiwa, lakini alizungukwa na maadui. Tarehe 25 Aprili 1841 alitia saini mkataba na Kapteni Pierre Passot wa Ufaransa, akikikabidhi kisiwa kwa malipo ya kila mwaka. Wafaransa walikitwaa rasmi mwaka 1843, na Andriantsoly alifariki mwaka 1845. Kwa hiyo saini iliyokitenga kisiwa hiki na wenziwe, na ambayo matokeo yake ya kisiasa yanaendelea hadi leo, ilitiwa na msemaji wa Kimalagasi.

5. Lahaja mbili katika kisiwa kimoja

Maore ni kisiwa kidogo, chenye takriban kilomita za mraba 374. Hata hivyo Kibushi hakienei humo kama shuka moja. Kinasemwa katika vijiji vilivyotawanyika, vingi vikiwa kusini, kama vile Kani-Kéli, na vingine kaskazini, kama Acoua, na katikati yao viko vijiji vya Kimaore. Kibushi Kisakalava ndiyo lahaja yenye vijiji vingi. Kibushi Kiantalaotsi kimo katika vijiji vichache, kikiwemo Poroani, na ndicho chenye alama nyingi zaidi za Kibantu katika msamiati.

Mtu aliyejifunza Kimalagasi sanifu huweza kudhani kwamba lahaja hizi ni Kimalagasi kilichoharibika kwa kuishi ugenini. Dhana hiyo ni potofu, na neno *langit* linatosha kuipinga. Kimalagasi sanifu, ambacho kimejengwa juu ya lahaja ya Merina, husema *lanitra* kwa /n/ ya kawaida. Kibushi, sawa na lahaja nyingine za kaskazini, husema *lang'itri*, kikiitunza ile ng' iliyomo katika neno la asili. Hapa lahaja ya kisiwani imehifadhi ukale ambao lugha sanifu imeupoteza. Sisi tunaojua Kiamu, Kimvita na Kitumbatu tumeliona jambo hilo mara nyingi: usanifu ni uamuzi wa watu, wala si kipimo cha ukongwe.

Kibushi kimehifadhi pia sarufi ya ukoo wake. Kiarifu hutangulia sentensi na kiima huja mwisho. Nafsi ya kwanza wingi imegawanyika mara mbili: iko “sisi” inayomjumuisha anayeambiwa, na iko “sisi” inayomtenga. Kimalagasi sanifu hutofautisha *isika* na *izahay*. Kwa Kiswahili, mtu akiambiwa “tutakula” hana budi kungoja aone kama sahani yake imo. Msemaji wa Kibushi hujua papo hapo.

Wakati huo huo lugha hii imepokea mengi kwa majirani zake. Ina vile vipasuo vya /b/ na /d/ vinavyotamkwa kwa kuvuta hewa ndani, ambavyo Kimalagasi sanifu hakina lakini Kikomoro kinavyo, na hata Waswahili wengi wa pwani wanavitamka. Katika elimu ya dini na tiba mchanganyiko ni mkubwa zaidi. Mwanaanthropolojia Michael Lambek, aliyeanza utafiti wake katika vijiji vya Kibushi mwaka 1975, ameeleza kwamba wenyeji hugawa maarifa katika mafungu matatu: *ilim fakihi*, yaani elimu ya vitabu vya dini, *ilim dunia*, elimu ya nyota na majira, na *ilim ny lulu*, elimu ya pepo. Mjuzi wa elimu hizo huitwa *fundi*. Mswahili atayafahamu maneno haya karibu yote, mpaka afike kwenye *ny lulu*, hapo ndipo atakapotambua kwamba yuko Bukini.

6. Baina ya Kimaore na Kifaransa

Hali ya Kibushi leo ikoje? Maore ilikataa uhuru pamoja na visiwa vingine katika kura ya mwaka 1974, na tarehe 31 Machi 2011 ikawa rasmi mkoa wa Ufaransa wa ng'ambo. Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu wakazi 256,518. Lugha ya shule na ofisi ni Kifaransa. Lugha ya soko na ya mchanganyiko wa watu ni Kimaore. Kibushi ni cha tatu. Kwa kawaida msemaji wa Kibushi hujua Kimaore, lakini wasemaji wa Kimaore wanaojua Kibushi ni wachache zaidi. Kijana anapohamia Mamoudzou kutafuta kazi, au anapooa kijiji cha pili, lugha inayoachwa njiani ni ile ambayo mwenziwe haijui.

Juhudi zimekuwako. Noël Jacques Gueunier alichapisha msamiati wa lugha hii mwaka 1986, kisha majuzuu ya ngano alizozikusanya kwa wasimulizi wa Maore. Mwaka 2020 baraza la mkoa lilipitisha tahajia rasmi za Kimaore na Kibushi, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Uamuzi huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Kimalagasi sanifu, tangu tahajia yake ilipowekwa katika miaka ya 1820, huandika herufi *o* kwa sauti /u/. Kibushi kimechagua kuandika *u*, kama Kimaore na kama Kiswahili. Saba, ambayo Antananarivo huandikwa *fito*, Maore huandikwa *fitu*, ingawa mdomoni ni neno moja. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kibushi nacho kimepewa namba yake mbali na Kimalagasi. Je, ni lugha au ni lahaja? Kwa vigezo vya isimu historia ni lahaja ya Kimalagasi. Kwa kalamu, dini na siasa, wasemaji wake wameelekea kwingine.

7. Hitimisho

Nilisema mwanzoni kwamba Kibushi ni ushahidi wa kurudi nyuma kwa Kiswahili. Sasa nafafanua. Pwani ile ya Mariano ilikuwa na wasemaji, misikiti, majahazi na biashara. Haikukosa heshima wala utajiri. Hata hivyo lugha yake ilififia vizazi kwa vizazi, bila amri ya mtu na bila msiba wa kukumbukwa. Watoto waliwajibu mama zao kwa Kimalagasi, basi. Kilichobaki ni majina ya mifugo, msamiati wa bahari na dini, na kile kiambishi *ki-* kilichosimama mbele ya jina la lugha iliyoshinda.

Leo lugha iliyoshinda pale ndiyo iliyo hatarini katika kisiwa cha Maore, na jirani anayeizidi nguvu ni ndugu wa Kiswahili. Hapo pana funzo kwetu. Tunapohesabu mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili tusijidanganye kwamba wingi ni kinga ya kila lahaja, maana Kiswahili cha Bukini hakikuokolewa na Kiswahili cha Malindi.

Nawaomba wanafunzi walichukulie jambo hili kama kazi. Linganisheni Kiantalaotsi na lahaja za kaskazini na za kusini za Kiswahili, neno kwa neno. Wasikilizeni wazee wa kibuki wa Unguja kabla nyimbo zao hazijaondoka nao. Someni Kimalagasi. Tumechambua kwa bidii yale ambayo Kiswahili kilipokea kutoka Uarabuni, Uajemi na Uhindi, lakini dirisha la kusini-mashariki tumeliacha limefungwa, hali nyuma yake wako watu ambao bado wanaiita lugha yao kwa jina tulilowapa.